Linki 90 zimeshindwa na linki 14: Google inapima nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mikindani, Mtwara. Nimelifupisha kidogo:

"Mwanangu mtaalamu, nina nyumba ya wageni hapa Mikindani, vyumba sita. Mwaka juzi kijana mmoja alinitengenezea tovuti. Sasa kuna mwingine ananipigia simu kutoka Dar, anasema tovuti yangu haionekani Google kwa sababu linki hazitoshi, nikimpa laki tatu na nusu ataniwekea linki 500 kutoka tovuti za nje. Nikamuuliza kwani sasa hivi sina? Akasema kompyuta yake inaonyesha ninazo 90. Jirani yangu je? Akasema 14. Lakini mtu akitafuta malazi Mikindani, jirani anatokea juu kabisa na mimi niko ukurasa wa tatu. Hapo ndipo sielewi. Hizo linki Google inazipima vipi? Na hiyo hela nitoe?"

Shikamoo mama. Hela usitoe. Nimelitanguliza hilo kwa sababu huyo kijana anaweza kupiga tena kabla hujamaliza kusoma. Mengine tuyazungumze taratibu, hasa hilo la jirani mwenye 14, maana hilo ndilo swali lenyewe. Nadhani kijana wa Dar alilikwepa makusudi. Akishalijibu, hana tena cha kukuuzia.

(Linki ni yale maneno ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine. Wenye vitabu husema "kiungo". Mimi nasema linki kama wewe, viungo nawaachia wapika pilau.)

Wewe ni mtu wa huku, korosho unazijua. Mkulima akifikisha mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika, gunia linapandishwa mzani, kilo zinaandikwa. Lakini mnunuzi hali maganda. Ghalani wanachomoa sampuli kutoka gunia hili na lile, wanachanganya, halafu wanazikata korosho moja moja katikati. Kila moja inafunguka nusu mbili kama kijitabu, na mtu anakaa pale anatenga: hii kiini kimejaa, cheupe, weka huku, hii imesinyaa, hii ina ukungu, hii mdudu katangulia kula. Kisha wanapiga hesabu ya paundi ngapi za kiini kizuri zitatoka kwenye gunia la kilo 80, na bei inafuata hesabu hiyo. Mizigo miwili yenye kilo sawasawa inaondoka kwa bei mbili tofauti, na mwenye bei ndogo anarudi nyumbani akilalamika mzani umemwibia.

Kijana wa Dar amekusomea mzani. Google inakata korosho.

Kwa hiyo nami nimezikata zako. Nimefungua tovuti yako, kisha nikatumia programu mojawapo ya zile zinazoorodhesha linki zinazoelekea kwenye tovuti yoyote. Ni kweli ziko 90. Ila 84 zinatoka mahali pamoja, tovuti ya yule kijana aliyekutengenezea. Chini kabisa ya kila ukurasa wake, baada ya namba ya simu na mwaka, kuna mstari wa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi nyeusi: "Baadhi ya wateja wetu". Jina la nyumba yako ni la tisa kati ya kumi na mawili, limebanwa kati ya fundi majokofu na shule ya chekechea. Nilikuwa natumia simu, ikabidi nitanue skrini kwa vidole viwili ndipo nikaweza kulisoma. Tovuti yake ina kurasa 84, mguu ni uleule kila ukurasa, basi hapo ndipo zilipotoka linki 84.

Sita zilizobaki: mbili ni kurasa zako mwenyewe za Facebook na Instagram. Tatu ni madaftari ya biashara ya mtandaoni, yale yanayoandika kila duka la Tanzania nzima, na mojawapo limekuweka mkoa wa Lindi. Moja tu, ya mwisho, ndiyo korosho yenye kiini: mgeni wako Mjerumani aliandika habari za safari yake, na katikati ya aya inayosimulia pweza aliyepikiwa kwako ameweka linki.

Jirani yako je? Kumi kati ya zile 14 ni maganda kama ya kwako. Lakini ana nne. Moja iko kwenye ukurasa wa wapiga mbizi, mahali wanapoeleza wageni wao walale wapi. Moja ni ya kundi la watafiti wa chuo kikuu waliofikia kwake. Mbili ni za wasafiri kama huyo Mjerumani wako. Nne kwa moja, mama. Ukitoa maganda, hivyo ndivyo mlivyosimama.

Sasa kwa nini maganda ni maganda?

Turudi nyuma kidogo. Mashine za kwanza za kutafuta zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Ukiandika "malazi" mara arobaini, unapanda. Unajua watu walivyo, wakaandika mara mia nne. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walitoa andiko lililoeleza njia nyingine: usisikilize ukurasa unavyojisifu, tazama kurasa nyingine zinauelekezea vipi. Wazo la kupima kwa marejeo lilikuwa la zamani kwa wanasayansi, kwani Mmarekani Eugene Garfield alishaanza miaka ya 1960 kuchapisha faharasa ya makala za sayansi kwa kufuata nani kamtaja nani. Page na Brin wakalipeleka kwenye mtandao mzima. Hesabu yao ikaitwa PageRank, kwa jina la Page mwenyewe.

Ili kuielewa, simama njia panda ya Mnazi Mmoja. Njia moja inaingia Lindi, moja inakuja kwetu Mtwara, moja inapanda Masasi. Mfikirie mtembezi asiye na ndugu wala shughuli, anayefika pale na kuchagua njia kwa kufumba macho. Akifika mbele akakuta njia panda nyingine, anafumba tena. Njia panda ni ukurasa, na kila njia inayotoka ni linki. Mara moja moja anachoka na njia zote, anaruka na kutua ukurasa wowote ule duniani. Kwenye lile andiko la 1998 walisema kwa kawaida waliweka 0.85, yaani katika kila hatua 100 mtembezi anafuata linki mara 85 na kuruka mara 15. Mwache atembee hatua mamilioni, kisha uliza: muda wake mwingi ameonekana wapi? Ukurasa anakoonekana mara nyingi ndio wenye uzito. Na ukurasa wenye uzito, ukitoa linki, unapeleka sehemu ya uzito huo kule unakoelekeza.

Hapo tayari kuna jambo ambalo wauza linki hawapendi kulisema. Uzito unagawanywa. Tuchukue namba za mfano. Ukurasa wenye uzito wa 1 na linki 10 zinazotoka, kila linki inabeba 0.85 kugawa kwa 10, yaani 0.085. Daftari la biashara lenye uzito uleule wa 1, lakini limejaza linki 1,000 kwenye ukurasa mmoja, kila linki inabeba 0.00085. Sasa mchukue msafiri mwenye blogu yake ndogo, uzito 0.2, ila kwenye ukurasa ule ana linki tatu tu. Kila moja inabeba karibu 0.057. Huyo mdogo amekupa karibu mara 67 ya ulichopewa na daftari kubwa. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya mwaka 1998, ya mtembezi aliyefumba macho, Mjerumani wako na pweza wake anaweza kuyazidi madaftari yote matatu.

Na zile 84? Mwaka huohuo wa 1998, Krishna Bharat na Monika Henzinger waliandika juu ya tatizo hili hasa: tovuti moja inaelekeza mahali pamoja kwa kurasa nyingi, sauti ya mtu mmoja ikahesabiwa kama ya kijiji. Dawa yao ilikuwa nyepesi. Kama linki 84 kutoka tovuti moja zinaelekea ukurasa mmoja, kila moja ipewe uzito wa 1 kugawa kwa 84. Zijumlishe, unapata moja. Ni sawa na mjomba anayepiga makofi mara 84 kwenye harusi ya mpwa wake. Tumemsikia, lakini mjomba ni mmoja. Baadaye wote wawili walifanya kazi Google. Sisemi kwamba Google ya leo inagawa kwa kanuni hiyohiyo, nasema tatizo lako lilishaonekana na kupewa dawa kabla Google haijafikisha mwaka.

Sasa tufike pale panaponifurahisha zaidi.

Rudi Mnazi Mmoja. Nani kati yetu anachagua njia kwa kufumba macho? Abiria wa Masasi anajua anakokwenda. Hata asiyejua atafuata njia pana yenye lami na kibao kikubwa, hatafuata kichochoro nyuma ya vibanda vya mihogo. Mwaka 2004 watu watatu wa Google, Jeffrey Dean, Corin Anderson na Alexis Battle, waliomba hataza ya Marekani, yaani hati ya kumiliki ubunifu, inayompa yule mtembezi akili. Walipewa Mei 2010, namba 7,716,225. Wanaoshughulika na mambo haya humwita mtembezi mwenye akili timamu. Kwa mtembezi huyu, linki mbili zilizo kwenye ukurasa mmoja hazibebi uzito sawa. Kila moja inapewa uzito kulingana na uwezekano wa mtu halisi kuibofya.

Hataza inataja vitu vinavyoweza kutazamwa, na ni vya kawaida mno, utadhani vimeandikwa na mtu anayepanga bidhaa dukani. Ukubwa wa herufi za linki. Rangi yake: imekozwa, imelazwa, ni ya kijivu, au imefanana na rangi ya nyuma mpaka haionekani? Iko juu, mtu anaiona kabla ya kushuka, au iko chini? Iko ndani ya maelezo, au pembeni, au mguuni? Kama iko kwenye orodha, ni ya ngapi? Ina maneno mangapi, na maneno hayo yananuka biashara? Ni picha au maandishi, na picha yenyewe ina umbo la tangazo? Maneno yaliyo kabla na baada yake yanahusu nini? Inapeleka kwenye mada ileile ya ukurasa au inamtupa mtu mbali? Hataza inataja hata linki za masharti ya matumizi, zile zilizo kila tovuti, kama mfano wa linki ambazo watu hawabofyi. Halafu inaeleza kwamba mashine inaweza kufundishwa kwa kumbukumbu za watu: linki zipi walizibofya, zipi walizipita. Ikishajua tabia za linki inayobofywa, inaweza kukisia hata kwa kurasa ambazo haina kumbukumbu nazo.

Nenda sasa kwenye mguu wa ile tovuti ya fundi wako. Herufi ndogo, kijivu juu ya nyeusi, mguuni, ya tisa kwenye orodha, kati ya majokofu na chekechea, na ukurasa wenyewe unauza huduma ya kutengeneza tovuti. Mama, huyo kijana hakukusudia ubaya, lakini angeitwa kutunga linki ambayo hataza hii ingeishusha kwa kila kigezo asingefanya vizuri zaidi ya hapo. Weka pembeni ile ya Mjerumani: juu, katikati ya aya, maneno manne, kabla yake pweza na baada yake machweo ya ghuba. Msomaji anayesoma habari ya pweza akiwa na njaa huko Ujerumani ataibofya.

Nitoe tahadhari moja. Hataza si kiapo. Inasema mashine "inaweza" kufanya hivi, "inaweza" kufanya vile, neno hilo limejaa kila mahali. Google haitangazi kwa kila linki imeipa uzito gani. Kwa hiyo mtu akikwambia "linki ya aya ya kwanza ina thamani mara tatu ya linki ya mguuni", muulize kaitoa wapi mara tatu. Na akikutajia kwamba tovuti zake zina "DA 70", ujue hiyo DA ni alama inayotengenezwa na kampuni ya Moz, haitoki Google. Zamani Google ilionyesha hadharani alama ya PageRank, 0 hadi 10. Watu wakaifanya bidhaa sokoni, na mwaka 2016 Google ikaiondoa machoni pa watu. Tangu hapo wauzaji wamebaki na mizani ya kuazima.

Maneno yaliyo kwenye linki nayo yanahesabiwa. Linki inayosema "bofya hapa" inamwambia nini mtembezi? Inayosema "nyumba ya wageni Mikindani" inaeleza ukurasa unaofuata kabla hujafunguliwa. Ni nguvu kubwa, na watu waliichezea. Mwaka 2003 wachokozi walikubaliana kuweka linki zenye maneno ya Kiingereza yanayomaanisha "mtu aliyeshindwa vibaya" kuelekea kwenye wasifu wa George W. Bush, aliyekuwa rais wa Marekani, na kweli ukitafuta maneno hayo wasifu wake ulitokea wa kwanza ingawa haukuwa na maneno hayo ndani. Google ilikuja kuubomoa mchezo huo Januari 2007. Nakueleza hili kwa sababu mwuza linki 500 kwa kawaida ataziandika zote maneno yaleyale, "malazi bora Mikindani, malazi bora Mikindani". Wageni 500 wa kweli hawawezi kuandika sentensi moja. Mjerumani wako aliandika "kwa mama wa pweza".

Kuna upande mwingine wa uzito, wa kuaminika. Wewe umepita madrasa. Mwalimu akiletewa hadithi, pamoja na maneno yenyewe anauliza isnadi: umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani? Mwaka 2004 watafiti wa Stanford wakishirikiana na mtu wa Yahoo walitoa njia iliyoitwa TrustRank inayofanana na hapo. Wanaanza na kurasa chache zilizokaguliwa na binadamu, zinazojulikana ni safi. Imani inatiririka kutoka kwao kupitia linki, na kila hatua inapungua. Ukurasa ulio karibu na chanzo unaaminika, ulio mbali unatiliwa shaka. Baadaye Google nayo ilipata hataza inayopima umbali kutoka kwenye kurasa teule za namna hiyo. Ndiyo maana ile linki ya watafiti kwa jirani yako inanitia wivu kwa niaba yako. Chuo kikuu kwa kawaida hakiko mbali na chanzo.

Tuje kwenye laki tatu na nusu.

Hili nalisema kwa aibu, maana nilishakuwa yule kijana. Mwaka 2011 nilikuwa Dar, nikimsimamia tovuti mtu anayekodisha magari. Nikamshauri anunue linki, akanipa hela, nikanunua fungu zima kwa mtu ambaye sijawahi kumwona uso. Miezi minne alikuwa juu, akawa ananiita profesa. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ikatoa badiliko lililoitwa Penguin, lililowalenga hasa wenye linki za kutengeneza. Mei yote simu yake ya ofisini haikulia. Alikuja kwangu asubuhi, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje, hakunifokea, akauliza tu, "Kaka, tuliuza nini?" Mwishowe aliiacha ile anwani, akaanza upya na jina jingine. Hela ya fungu sikumrudishia yote, na hilo analikumbuka mpaka leo.

Unakumbuka msimu wa 2018, serikali iliposema itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo? Wenye mizigo mikubwa walifuatwa na swali dogo: shamba lako liko wapi? Mkulima alionyesha mikorosho yake. Kangomba, aliyekusanya kwa bakuli nyumba hadi nyumba, alikuwa na magunia lakini hana mkorosho wa kuonyesha. Google inauliza hivyohivyo. Nyumba ya vyumba sita, yenye tovuti ya kurasa nne, imepata linki 500 ndani ya wiki mbili kutoka Brazili, Ukraine na India, kwenye kurasa zinazozungumzia kamari na dawa za kupunguza unene. Shamba liko wapi? Tangu mwisho wa 2003 Google ilikuwa imeshaomba hataza inayoeleza jinsi ya kutazama linki zinavyoongezeka siku hadi siku, ikiwamo kuruka ghafla kusiko na sababu.

Kwa haki ya kijana wa Dar niseme pia kwamba siku hizi adhabu si kama ya 2012. Tangu Septemba 2016 Penguin ilipoingizwa moja kwa moja ndani ya mashine kuu, linki chafu kwa sehemu kubwa zinapuuzwa tu, tovuti haizamishwi nazo. Wakaguzi binadamu bado wapo na bado wanaweza kukushusha. Lakini linaloelekea kukupata zaidi ni hili: utatoa laki tatu na nusu, na hakuna kitakachotokea. Kwa hela hiyo unabadilisha vyandarua vyumba vyote sita na chenji inabaki.

La Facebook na Instagram nalipita haraka. Linki zao huwekewa alama iitwayo "nofollow", iliyobuniwa Januari 2005 ili kuiambia mashine kwamba mwenye ukurasa habebi dhamana ya linki hiyo. Wikipedia nayo huiweka tangu 2007. Mwanzoni Google ilisema inaziruka kabisa, tangu 2019 inasema inaichukulia alama hiyo kama dokezo. Usiache kuweka picha zako huko, watu wanabofya na wanakuja kulala. Ila usizihesabu kwenye 90.

Nikwambie na jambo ambalo wenzangu wa kazi hii hawapendi kulisikia: linki zenyewe zimepungua nguvu. Mwaka 2024 Google ilibadilisha maelezo yake yenyewe. Palipoandikwa kwamba linki ni kigezo muhimu pamebaki "kigezo", neno "muhimu" limeondolewa. Na kwa nyumba ya wageni, mtu akitafuta akiwa Mtwara mjini kitu cha kwanza kutokea ni ramani. Huko Google yenyewe inasema inaangalia mambo matatu: unachotoa kinalingana na alichotafuta, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Nimekutazama kwenye ramani, mama. Pini yako iko ndani ya maji. Mwite mjukuu aisogeze leo.

Baada ya pini, linki. Za kweli zinakuja kwa mtu mwenye kitu cha kuelekezewa, na tovuti yako kwa sasa haina. Ina "Karibu sana", bei, picha ya kitanda chenye taulo lililokunjwa bata, na namba ya simu. Mpiga mbizi akitaka kuwaeleza wageni wake jambo kuhusu Mikindani, atawaelekeza kwenye taulo? Wewe umeishi hapo miaka yote. Andika ukurasa mmoja wa namna ya kufika: kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara, kutoka stendi, bodaboda shilingi ngapi mchana na usiku, kilomita kama kumi hizo zinachukua muda gani. Andika mwingine wa maji: lini yanakupwa mpaka watoto wanaokota chaza kwenye ghuba, lini yanajaa mpaka mtu akaweza kuogelea. Mgeni hajui bamvua wala maji mafu, na nimetafuta sana ukurasa unaomweleza kwa Mikindani sikuupata. Andika wa boma la Wajerumani la 1895, na wa Livingstone aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho bara mwaka 1866, maana wageni wanalitafuta sana jina hilo. Andika kwa Kiswahili, kisha mwalimu wa sekondari akusaidie Kiingereza.

Ukishakuwa nazo, wapigie wale wapiga mbizi. Usiwaombe linki, waambie ukurasa wa maji upo, wautumie wakitaka. Mwandikie Mjerumani, mpe salamu za pweza. Watafiti wakija tena wapelekee chai kwa jirani, hiyo si dhambi.

Halafu zungumza na kijana aliyekutengenezea tovuti. Badala ya jina lako mguuni mara 84, aandike aya mbili kwenye ukurasa wake wa kazi alizofanya: alikuta nini kwako, alitatua nini, na linki katikati ya maelezo. Atakubali, kwa sababu inamtangaza na yeye.

Zile za mguuni asihangaike kuzifuta, na wewe usikubali mtu akulipishe "kusafisha linki". Google ina chombo cha kukana linki, kilitolewa Oktoba 2012, lakini ni cha watu walionunua kwa maelfu kama yule bwana wa magari. Zako hazina madhara. Ni maganda tu, yaache yalale hapo.